Kwa Rajabu, Uliyekataa Kutia Saini Barua ya Bwana Afya

Mpendwa ndugu yangu wa ziwa moja,

Assalaam alaykum. Mimi ni yule yule Shabani, bado nashona hapa Kondoa, ila siku hizi siwezi kutunga uzi bila miwani. Nina neno lako ambalo nimekaa nalo miaka mingi kuliko ile tuliyokaa pamoja. Barua hii naiacha wazi makusudi, asome atakaye. Nikifika mbele utaona kwa nini.

Nianze na pazuri. Unakumbuka mama alivyopenda kuwahadithia wageni habari za kuzaliwa kwetu? Wewe ulitangulia, mwezi wa Rajabu, mama yako akaugua, mwezi mzima wakakunywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Nilipozaliwa mimi, mwezi wa Shabani, mama akakuchukua, akatupakata wote wawili, huyu huku na huyu huku. "Shabani alinyonya kistaarabu," alikuwa akisema, "huyu Rajabu ndiye alikuwa mlafi." Wageni wanacheka, na mimi nacheka. Lakini moyoni nilikuwa nasema, maziwa yale si yalikuja na mimi? Basi ujue ugonjwa wangu haukuanzia kwenye gemu.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yalianza kujaa vitu ambavyo wazazi wetu walikuwa wakivisikia tu redioni. Bi Zena, yule mjane wa nyuma ya stendi aliyekuwa akiuza soda na visheti, mwanawe wa Dar akamletea televisheni na mashine ya gemu. Kaseti ilikuwa moja tu, gemu la ngumi. Wewe na pedi yako, mimi na yangu, watu wetu wanapigana kwenye skrini, anayeshindwa anampisha mwingine kwenye benchi. Bi Zena hakujua lolote la gemu lakini alikuwa na sheria zake. "Matusi nje. Viatu nje. Ikiadhiniwa, nazima." Na kweli alikuwa akizima, hata kama mtu amebakiza pigo moja ashinde.

Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza na mengine hata hatukujua ni ya wapi. Mimi na darasa langu la saba, wewe uliyeishia la sita, tungesoma nini? Ndipo tukaanza kuwapa majina wale wapiganaji. Mimi na wewe, hakuna mwingine. Yule mnene anayemnyanyua mtu juu na kumwonyesha kila upande kabla ya kumbwaga tukamwita Mnada. Yule wa miguu mirefu, Korongo. Na wangu, yule mwembamba wa koti jeupe aliyekuwa akiingia taratibu, anatazama huku na huku. Ulimtazama, ukasema, "Huyu anakagua vyoo. Huyu ni Bwana Afya." Watu walicheka mpaka Bi Zena akachungulia kuona nani katukana.

Haikupita muda, Kondoa nzima inawaita hivyo. Watoto wakitoka shule wanasukumana, mmoja anajiita Mnada, mwingine Korongo, na hawajui majina yametoka wapi. Mimi nilijua, nikawa natembea mjini na furaha ambayo siwezi kuieleza. Kilikuwa kitu chetu, mimi na wewe.

Sehemu ya pili ya gemu ilipokuja haikutusumbua. Waliongeza watu wanne, tukawapa majina siku ile ile. Balaa ilikuja na ya tatu. Mashine mpya, na gemu lenyewe sasa limo kwenye sidii. Kuzuia ngumi, ambako tangu mwanzo unavuta nyuma tu, sasa kuna kitufe chake. Mtu anaweza kuzunguka pembeni, anakutokea mgongoni. Korongo amezeeka, amefungwa kitambaa gotini. Na Bwana Afya hayupo. Tulipita kwenye zile picha zote za kuchagua mpiganaji, mwanzo hadi mwisho, tukarudia.

"Bi Zena, umeuziwa feki," alisema Musa kinyozi.

"Feki kichwa chako."

"Basi Bwana Afya yuko wapi?"

"Amepata uhamisho," ukasema wewe. "Yuko Kolo, anakagua ile michoro ya mapangoni."

Wote walicheka. Mimi sikucheka, na nadhani uliona.

Sijawahi kuona watu wazima wakiumizwa na kitu kama kile. Musa alisusa, akasema hii siyo ngumi, hii ni dansi, hakanyagi tena pale. Siku ya tatu akarudi, akasema alikuwa anapita tu, akakaa saa mbili. Wengine wakamwomba Bi Zena arudishe ile kaseti ya zamani hata Ijumaa kwa Ijumaa. Kuna waliosema mpya ni nzuri, sisi tumezoea vibaya. Benchi likagawanyika, wa zamani ukutani, wa mpya mlangoni. Nilikaa ukutani nikakuwekea nafasi. Ulikwenda kukaa mlangoni.

Mlangoni alikuwepo Festo, mtoto wa Bwana Mifugo. Walikuwa wamehamia kutoka Dodoma, Wagogo wa upande wa Msalato, Wakristo, watu wa adabu. Nimemtafuta ubaya miaka yote hii na sijaupata. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, kwa hiyo yeye aliweza kusoma skrini.

"Rajabu, huyu mnayemwita Korongo ana jina lake," alikwambia.

"Ni nani?"

Akakusomea. Ukalirudia mara tatu mpaka ulimi ukalishika. Kesho yake ukamwita kwa jina lile, mbele yangu, kama vile Korongo hakuwahi kuwapo. Na watu wapya wa sehemu ya tatu, wale ambao tungewapa majina wote wawili, ukawapokea na majina waliyokuja nayo. Sikuwa na hasira na gemu, Rajabu. Nilidhani ninayo, nikapiga kelele kuliko wote pale ukutani. Nilichokuwa nacho ni wivu, tena ule wa kumkosesha mtu usingizi.

Ndipo nikaandika ile barua. "Kwa Watengenezaji wa Gemu la Ngumi, Japani. Sisi wachezaji wa Kondoa tumesikitishwa sana na kuondolewa kwa Bwana Afya bila kushirikishwa." Niliiandika mara nne ili mwandiko unyooke. Wa ukutani wote wakatia saini. Musa, anayejua kusoma na kuandika vizuri kabisa, akaweka dole gumba, eti waone uzito. Mstari wa kwanza nilikuachia wewe. Nikakuletea, unacheza na Festo.

"Saini hapa."

"Ngoja kwanza."

"Nimekuachia mstari wa juu."

Hukutoa macho kwenye skrini. "Shaba, mimi hii mpya naipenda. Sasa nisaini nini?"

Festo akasimamisha mchezo kwa heshima. "Kaka Shabani, huko Kiswahili hawatakisoma. Niachie leo, nitakutafsiria." Alikuwa anataka kunisaidia. Hilo ndilo lililonimaliza. Nikaikunja barua, nikatoka, na sikuipeleka posta.

Nilisimama nje ya msikiti mpaka watu wakatoka swala ya alasiri. Baba yako, Mzee Hamisi, akatoka na kanzu yake iliyopigwa pasi, nikamwamkia, nikamwambia nina jambo. Nilimwambia unaacha swala ya alasiri. Hili lilikuwa na ukweli, kwa sababu Bi Zena akizima mashine, wewe na Festo mlikuwa mnabaki barazani mkibishana mpaka watu wanarudi. Ningeishia hapo ningekuwa msengenyaji tu. Nikaongeza, "Na siku nyingine, Mzee, wanakunywa."

"Wanakunywa nini?"

"Pombe."

Sikuiona pombe, Rajabu. Sikuwahi kuisikia hata harufu yake kwako. Neno lilitoka lenyewe, na nilipoona uso wa Mzee unavyobadilika, Mungu anisamehe, nilisikia raha.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Alikupiga kwa mkanda mbele ya duka lake la vitenge, na watu wakisimama kuangalia. Asubuhi ya pili yake ukapakiwa basi kwenda kwa baba yako mdogo Singida. Nilikuja stendi. Ulikuwa na jicho limevimba na begi moja. Ukanikumbatia, ukasema kwa sauti, abiria wote wanasikia, "Najua ni Bi Zena. Amenitishia kila siku atanisema kwa baba. Mwambie sitamsamehe duniani wala akhera." Kisha ukaninong'oneza, "Ndugu nimebaki naye mmoja tu, ni wewe."

Bi Zena alikuwa amesimama mbali, upande wa pili wa stendi, na ndoo yake ya soda. Alikupungia mkono. Ukageuza uso.

Nami nikanyamaza. Basi likaondoka, nikanyamaza. Kile chumba kilifungwa kabla ya Ramadhani, Mzee na wenzake walimwendea wakamwambia anaharibu vijana. Akabaki na soda zake. Kila nilipopita aliniuliza, "Rajabu hajambo? Mbona siku ile alinipita bila salamu?" Nilimjibu kila mara, "Alikuwa na haraka, bibi." Aliniuliza mpaka mwaka aliofariki. Nimebeba jeneza lake, Rajabu, begani hapa, na jibu la swali lake lilikuwa mdomoni mwangu.

Ndiyo maana barua hii iko wazi. Ulimlaani mbele ya watu, basi na asafishwe mbele ya watu. Bi Zena hakukusema kwa mtu yeyote. Nilikusema mimi, na juu ya hayo nikaongeza uongo.

Utauliza mbona leo. Mwadhini wetu amezeeka, na wazee wa msikiti wameniomba nishike nafasi yake. Walisema nina sauti na nina subira. Nilikwenda nyumbani nikajaribu kufurahi, nikashindwa. Nitasimamaje kuwaita watu kwenye ile swala niliyoitumia kukuponza? Nikawaambia wanipe muda. Ijumaa nikaenda kwa baba yako.

Anakaa barazani siku hizi, macho yamefifia. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza wewe nani. Nikamweleza yote. Alivuta tasbihi yake punje moja moja.

"Pombe hukuiona?"

"Sikuiona, baba."

"Mimi nilimpigia ile pombe. Kwa swala tu nisingempiga vile."

"Najua, baba."

"La kwangu nitakufa nalo," akasema. "Wewe bado una mikono. Mwandikie."

Sasa nikuambie na lililobaki, kwa sababu sitaki kuonekana nimepona. Mwezi uliopita alikuja mteja kupima kanzu, mwenyeji wa hapa anayefanya biashara Arusha. Akaniambia wewe na Festo mna duka huko la kutengeneza televisheni na simu, kibao cha mlangoni kina majina yenu yote mawili. Kwamba watoto wa Festo wanakuita baba mkubwa. Nilimchoma mteja kwa pini. Nina watoto watatu, Rajabu, hawajui hata sura yako, na hilo nimejifanyia mwenyewe, lakini bado aliyenijia kichwani kwanza ni Festo, nikamchukia kwa dakika nzima kabla sijamwomba Mungu aniondolee. Naomba kila siku. Siku nyingine naondolewa.

Nakuomba radhi kwa neno lile la pombe, kwa mkanda, kwa basi, kwa nyumba uliyokosa na mazishi ya mama uliyoyakosa. Kwa Bi Zena niombee wewe, kwa sababu mimi kila nikimwombea naona aibu katikati. Ukinisamehe, niambie. Usiponisamehe niambie pia, nijue nasimama wapi kabla sijawajibu wazee wa msikiti.

Ombi langu la mwisho ni dogo, na najua linatoka wapi. Usimpe Festo aandike majibu, hata kama mwandiko wake ni mzuri na wako hausomeki. Andika mwenyewe. Mistari miwili ya kupinda inanitosha.

Ni mimi, aliyepakatwa upande wa pili,
ndugu yako wa kunyonya, Shabani.