Kimono Yangu Mwilini mwa Sayo

Jumatatu, 6 Machi 1922

Mume wangu Tetsujiro, mchoraji, kafungua kasha langu bila kuniuliza. Katoa kimono niliyoolewa nayo — hariri ya zambarau, korongo weupe wakiruka kutoka begani hadi kwenye pindo. Anataka picha mpya ya kuchapisha, na atakayeivaa ni Sayo, msichana wa duka la chai huku mtaani kwetu Asakusa. Nikamkumbusha: picha zake zote zilizouzika ni za sura yangu.

"Shingo yako ilikuwa inauza, Umeno. Zamani. Sasa wewe mfunge obi tu, mshipi ukae vizuri."

Jumatano, 8 Machi

Nilimkaza Sayo obi makusudi, hadi akashika nguzo.

"Dada, polepole."

Nikamwambia mimi nilivumilia miaka minane. Nilifurahi. Kutwa nzima nilikuwa na furaha.

Jumamosi, 11 Machi

Leo obi imegoma kufika. Mikono yangu ikajua kabla ya kichwa. Tumbo — gumu, la miezi minne hivi.

"Ya nani?"

Sayo akatazama mlango wa chumba cha kuchorea. Mimi sijawahi kushika mimba hata moja.

Nikamfuata mume wangu. Hakuweka brashi chini.

"Najua. Unataka korongo wapindike tumboni, mchapishaji anicheke? Bado kidogo tu namaliza. Kaza."

Nilirudi, nikakaza. Sayo hakulalamika. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumatatu, 13 Machi

Sayo kaja amepauka. Anasema kiuno kinamkata tangu jana. Nikamwomba Tetsujiro tumpumzishe.

"Tazama rangi ya uso huo. Huipati kwa poda."

Nikafunga.

Mchana akaanguka — taratibu, kama mtu anayepiga magoti. Korongo wa kwenye pindo wakageuka wekundu. Nikalegeza obi. Tetsujiro akaja mbio, nami nikadhani anamkimbilia yeye. Akainua ukingo wa hariri.

"Maji ya baridi, haraka, kabla doa halijashika. Daktari baadaye. Mkono wa kushoto bado sijaumaliza."

Niko jikoni. Ndoo imejaa. Nyumba ya daktari iko mtaa wa pili tu, na viatu vyangu viko hapa mlangoni. Sayo ananiita — dada, dada. Nami nimekaa naandika.