Mama Hajawahi Kufika Huku

Jumatatu, 3 Machi
Mama amefika! Basi limechelewa, ukungu barabara nzima. Amekuja kukaa nami mpaka nijifungue, maana mume wangu yuko safarini na lori. Miaka yote nimembembeleza aje aone mji ninaotembeza watalii. Jibu lilelile: baridi, magoti, kuku nimwachie nani. Hajawahi kufika huku maishani mwake. Basi leo kashuka stendi, namwambia asubiri niite teksi, anasema teksi ya nini, si ulisema unaishi karibu na tangi la maji, tukatize tu nyuma ya posta? Tukakatiza. Tukatokea mlangoni kwangu! Amejuaje? Eti kakisia. Haya.

Jumatano, 5 Machi
Leo nimekwenda naye kazini. Bosi hajali tumbo, mradi mdomo unafanya kazi. Nikazungusha wageni kama kawaida: maporomoko, kisha bwawa la maji moto (watu wazima, viatu mkononi, kelele kama watoto), halafu hoteli kuu. Hapo ndipo huwa natamba. Nikawaeleza kwamba zamani ilikuwa hospitali ya wagonjwa wa kifua — matajiri wakiletwa wavute hewa ya mlimani, wanalazwa barazani, blanketi mpaka kidevuni. Wageni wakapiga picha baraza. Mama akaninong'oneza: na wale wa mabanda ya nyuma?
Mabanda gani? Nyuma kuna uwanja wa tenisi! Nilipombana baadaye akasema alisikia redioni. Redio gani hiyo? Kichwa kinaniuma.

Alhamisi, 6 Machi
Amefua nguo za mtoto. Hazijavaliwa hata moja. Kaanika, kaanua, kafua tena.

Ijumaa, 7 Machi
Sielewi. Sielewi kabisa.
Nimepita hotelini kuchukua ratiba ya wiki ijayo, Mama yuko nami. Mzee wa bustani alikuwa anapunguza ua — Babu Mkasi, hakuna asiyemjua hapa. Akamtazama Mama. Mkasi ukasimama. "Chiriku?"
Chiriku! Mama yangu, ambaye siku nzima inaisha hajasema sentensi ya maana! Nikacheka, nikamwambia babu amekosea mtu. Mama naye: "Umenifananisha, kaka." Lakini alikuwa ameshageuka. Nilimwona. Aligeuka kama mtu aliyeitwa jina lake.
Njiani alinishika mkono. Sijui nani alikuwa anamwegemea mwenzake.
Jikoni nikamuuliza kavukavu: Mama, uliwahi kuugua kifua? Akasema mchuzi unaungua. Haukuwa unaungua.

Jumamosi, 8 Machi
Nimewaza mpaka nimechoka. Kabla ya kuolewa na marehemu Baba, Mama alikuwa wapi? Bibi alikuwa akisema "bwenini, shuleni". Shule gani? Mama gazeti analisoma herufi kwa herufi! Na mimi sikuwahi kushtuka. Mtaalamu wa historia wa mji mzima! Historia gani sasa. Uji mtupu.

Jumapili, 9 Machi
Babu Mkasi yuko sebuleni. Amekuja amevaa koti la heshima, kasema amekuja kumjulia hali mgonjwa wake. Mgonjwa WAKE. Kumbe kabla ya bustani alikuwa mhudumu wa wodi. Mama hakukanusha. Akaniambia nikalale, miguu imevimba. Nimekaa kitandani, mlango huu haujawahi kufunga vizuri, naandika.
Wanacheka. Mama anacheka! Anaongea bila kituo, sauti nyembamba, ya haraka, siijui. Wanataja mabanda, nesi aliyekuwa akinusa magodoro kutafuta sigara, siku mabanda yalipovunjwa kupisha tenisi. Mama anasema afadhali yalivunjwa.
Mama anauliza kule juu makaburini pakoje, magugu hayajapameza? Babu anasema aa, anapalilia mwenyewe. Kila akienda humpa salamu za mama yake.
Humpa nani?
Mama anasema angekuwa na mvi sasa. Angeitwa mjomba mwezi huu.
Mjomba! Mjomba wa nani? Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Mimi ndiye mtoto peke—
Kiti kimesogea. Viatu vyake vinakuja huku, polepole. Amesimama. Anapiga hodi. Mama mzazi, hodi, kwenye chumba cha mwanawe! Naandika haraka nimalize mstari huu. Anapiga tena