Ukungu Juu ya Elementaita

Mjukuu wangu Wanjiru,

Hapa mtaani Jericho sote tu wazima, ila goti langu linalalamika asubuhi. Mjomba wako amehamia mtaa wa Ziwani. Umeniuliza kama watoto wako ni wadogo mno kupanda vilima vya volkano kule Ziwa Elementaita.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili baba yangu, seremala wa soko la Gikomba, aliponipeleka huko pamoja na Njeri, mdogo wangu wa miaka sita. Tulitazama kwanza mashoka ya mawe ya watu wa kale, kisha tukapanda. Karibu na kilele ukungu ukatufunika ghafla. Nilipogeuka, Njeri hakuwepo.

"Baba!" alilia mahali fulani mbele yetu.

Nikataka kukimbia. Baba akanikamata mkono. "Njeri, keti hapo hapo! Usisimame!"

"Naogopa!"

"Hata mimi naogopa, mama. Tuhesabu pamoja."

Tukahesabu kwa sauti, tukifika mia tunaanza upya. Sikuwahi kumsikia akikiri woga, kabla ya siku ile wala baadaye. Ukungu ulipoinuka, tukamwona Njeri ameketi hatua mbili tu kutoka ukingo wa genge, bado anahesabu.

Hadi leo Njeri huniambia kwamba alitulia aliposikia baba naye anaogopa.

Wapeleke, mama. Na ukiingiwa na hofu huko juu, usiwafiche.

Akupendaye daima,
Shosho