Begi Moja la Kwenda Kisimani

Jumatatu, 20 Januari 2025

Shemeji Luqmani kaingia studio bila hodi, kanikuta nampiga mtu picha ya pasipoti. Kasubiri mteja alipe aende, ndipo akasema: Jumamosi ya tarehe mosi boti yake ya watalii haina wageni. Tutembee! Kutoka hapa Kilindoni tufuate ufuko taratibu hadi Ras Kisimani, tule huko, turudi. Mimi, dada yake – yaani Umi, mke wangu – na Mama.

Nimekubali kabla hajamaliza. Mama za watu wote mji huu nimewapiga picha, wa kwangu sina hata moja ya maana. Kila nikinyanyua kamera anajifunika na kanga. Kwenye boti atakimbilia wapi?

Ila kuna sharti. Boti ya faiba inarusha maji, na sanduku kavu ni moja, dogo. Kwa hiyo begi moja la kamera, lisizidi hapa – akapima kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Begi moja! Mimi!

Jumatano, 22 Januari

Nimetandaza kila kitu kitandani. Kamera mbili. Lenzi fupi, ya sura za watu. Lenzi pana, ya mandhari. Lenzi ndefu, ile niliyouziwa na mtafiti wa papa potwe alipokuwa anarudi kwao. Flashi. Stendi. Droni yenye panga moja lililovunjika tangu Idi. Umi kaja mlangoni, katazama, kauliza kati yake na droni nani anahama chumba.

Halafu kainyanyua lenzi ndefu kwa mikono miwili. Kwa nini tusitie chai humu, akasema, tungepunguza chupa moja. Nimenuna kama dakika tano. Kisha nikacheka peke yangu, kwa sababu kweli nimeitumia mara mbili tu tangu niinunue, na mara zote mbili nilikuwa namtafuta ndege aliyekwisha ruka.

Uamuzi: kamera moja, lenzi fupi, lenzi pana. Ndefu inabaki. Mama atakuwa hatua mbili mbele yangu, nimvute karibu ya nini?

Ijumaa, 24 Januari

Baada ya sala nimekwenda Kiegeani kumwambia Mama. Sijafika hata uani ananiita jina. Shikamoo, Mama. Marahaba, baba, hiyo pikipiki yako inakohoa, ipeleke kwa fundi.

Alikuwa anashona mkeka wa Warda, binti wa jirani yake Kidawa, anayeolewa mwezi huu. Mama hatazami anachoshona. Anatazama njiani, anauliza habari za mjini, anawasema watu, na mikono inakwenda yenyewe. Naipenda mikono ile! Ningeweza kukaa pale mpaka alasiri nikiitazama tu.

Nikaona kitu. Mkeka ni wa zambarau na nyeupe, lakini katikati ukanda mmoja wa ukili umegeuka kijani, kama pima nzima. Nikamwambia. Mikono ikasimama. Ndiyo mtindo wa sasa, akasema, wewe unajua nini cha mikeka? Nimecheka sana.

Habari ya safari ilimfurahisha, nilimwona. Babu yake mzaa mama alikuwa na minazi upande ule, yeye akipelekwa utotoni kuokota nazi. Akauliza, na mimi nitaona nini huko? Nikamwambia utaona kila kitu, Mama, tutakwenda karibu karibu na nchi kavu. Akasema inshaallah. Ile inshaallah yake ninayoijua, ambayo si ndiyo.

Jumapili, 26 Januari

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi mimi na Umi tulikwenda Kiegeani, nijaribu lenzi kwenye mwanga wa kule. Lenzi ndefu nayo nikaibeba, kwa kuiaga tu. Mama akaishika akauliza hili dude la nini. Nikaifunga kwenye kamera, Umi akashikilia uzito kwa chini, Mama akaweka jicho.

Nikazungusha kile kigurudumu kidogo cha kurekebishia jicho, pembeni ya tundu la kuchungulia, kidogo, kidogo – akanipiga kofi la mkono. Hapo hapo! Usiguse!

Nikadhani amechukia. Kisha: kuku wa Kidawa ana kishungi kimechanika. Kuku mwenyewe yuko ng'ambo ya ua wa makuti, kule karibu na kisima! Akahamia mnazini, akahesabu nazi. Akahamia kwenye kamba ya nguo. Ile si kanga yangu? Mbona imepauka hivyo? Alikuwa anacheka kwa sauti ndogo, kama msichana. Mama yangu! Sijamsikia akicheka hivyo miaka.

Ghafla akaiondoa usoni. Zito, akasema. Chukueni mzigo wenu.

Njiani, kwenye pikipiki, Umi akaniambia sikioni: Baba Nusra, Mama haoni. Nikasimama kando ya barabara. Haoni vipi? Akasema akimimina chai anatia ncha ya kidole kikombeni ajue imefika wapi. Akasema na ule mkeka, je? Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akanijibu kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza: nilidhani umeona, wewe ndiye kazi yako kutazama.

Jumatatu, 27 Januari

Nimechelewa kufungua studio. Nimemuuliza Tumaini, yule nesi aliyepiga picha za harusi kwangu. Kasema mlete. Huenda ni mtoto wa jicho, na hutolewa kwa upasuaji. Huenda ni kingine. Huenda akatakiwa kwenda Dar. Hawezi kusema chochote kwa macho asiyoyaona yeye mwenyewe.

Nina hasira, na sina wa kumkasirikia isipokuwa mimi. Ijumaa nilimcheka. Usoni!

Jumatano, 29 Januari

Nimeharibu.

Nilikwenda nikiwa nimepanga maneno mazuri, ya mzunguko. Nikafika nikayamwaga yote mara moja: Mama, huoni, Jumatatu nakupeleka hospitali.

Nani kakwambia sioni? Yale matita ya ukindu wa kusukia aliyahamisha Kidawa alipofagia! Zambarau inakaa mlangoni, kijani chini ya kitanda, miaka yote!

Nikamwambia anayeona haulizi tita liko wapi, anatazama rangi. Maneno gani haya kumwambia mama yako, akauliza. Akaanza kukunja mkeka. Akasema anajua kinachofuata. Bi Zuleikha wa nyumba ya tatu alikwenda hospitali kwa jicho tu, mwanawe akamchukua moja kwa moja. Leo amekaa kwenye kochi la watu huko Dar, anatazama televisheni asiyoiona, hapiti mtu wa kumsalimia. Nyumba yake paa limeingia ndani. Mimi sitoki hapa, Sadick. Hapa najua hatua ngapi kisimani, hatua ngapi chooni. Huko kwenu sijui hata moja.

Nikapaza sauti. Astaghfirullah, nimempazia sauti mama yangu, na Kidawa yuko uani anasikia! Nikamwambia ataanguka kisimani siku moja, na mimi nitakuwa studio nawanyoosha watu kola.

Akasema basi na safari yenu nendeni wenyewe.

Umi hakunilaumu. Kanipa chakula, kakaa karibu. Nimekula kidogo. Nampenda mwanamke huyu kwa anavyojua kunyamaza.

Alhamisi, 30 Januari

Mwezi wa Shaaban umeandama. Mezani nilikuwa nakata picha za pasipoti vibaya, nimekata mtu sikio.

Mchana simu ya Kidawa. Si Kidawa, ni Mama, anapiga kelele kama simu ni bomba la maji. Hakusalimia. Kasema: ile ndefu inakuja? Nikasema ipi, Mama. Ile nzito! Kama inakuja, na mimi nakuja. Halafu, kabla hajakata: na hospitali usinitajie siku hiyo.

Nimesema sawa, Mama. Nimesema sawa mara tatu, simu ikiwa imekatika.

Ijumaa, 31 Januari

Kazi ya begi. Ndefu imeingia kwa kulazwa kimshazari, na kamera pembeni. Basi. Fupi haiingii. Nimejaribu kuivisha soksi na kuisukuma kwenye kona – haiingii. Pana haiingii. Umi kapendekeza fupi aifunge kiunoni ndani ya kanga, na alikuwa hatanii. Nikasema hapana, maji ya chumvi.

Kwa hiyo picha ya Mama sitapiga. Lenzi ya sura yake inabaki kabatini. Umi kaniuliza kama inaniuma. Inaniuma. Lakini nikikumbuka alivyomwona yule kuku! Simu ya Umi inapiga picha, itatosha – sijawahi kuandika sentensi hiyo maishani.

Luqmani kapita kulikagua begi. Kapima kwa mkono wake, limezidi kidole kimoja. Kanitazama, kamtazama dada yake, kasema kidole si kitu. Umi alikuwa amemweleza yote.

Jumamosi, 1 Februari

Ras Kisimani. Saa saba mchana. Naandika nimeegemea boti, na boti imekaa mchangani. Ni bamvua, maji yametoka yakaenda zake mbali, hatuelei tena kabla ya saa tisa, tisa na nusu. Luqmani amelala chini ya turubai. Wali tumekula. Hakuna pa kwenda.

Nirudi nyuma kidogo. Tumeondoka baada ya alfajiri, maji yamejaa, bahari imelala. Mama alipandishwa na Luqmani na Umi, na hapo nikaona kwa mara ya kwanza anavyotafuta ukingo kwa vidole kabla ya kuinua mguu. Huenda amefanya hivyo mbele yangu mara mia.

Tulipofunika begi aliuliza liko wapi. Kila baada ya muda, limeloa? Halijaloa, Mama. Nilimpa kamera tulipopunguza mwendo. Umi alikunja jaketi la kujiokolea likawa mto wa lenzi, mimi nikamshika Mama mabega asiyumbe. Hivyo ndivyo tulivyokuja, watu watatu kwenye kamera moja.

Na anavyoeleza! Mikoko kule ina ndege weupe, mmoja mguu juu. Kuna mtu kavaa fulana nyekundu, anachokoa pweza, kakosa, anatukana peke yake. Mimi kwa macho yangu mazima nilikuwa naona kidoadoa. Luqmani kasema Mama angemfaa kwa wageni, angewaonyesha papa potwe kabla hajaibuka. Mama kajibu atamtoza. Tulicheka mpaka boti ikatingishika.

Hapa kwenye rasi alitafuta minazi ya babu yake. Akatafuta sana. Iliyopo siyo, alisema, ile ilikuwa mbele zaidi, hapo palipo maji sasa. Bahari imekula, kama ilivyokula mji wa zamani uliokuwa hapa. Sikujua nimpe pole au vipi. Yeye mwenyewe hakusikitika. Basi nimeona kwamba haipo, akasema, nilikuwa naambiwa tu.

Ndiyo mara yake ya kwanza kukiri. Naambiwa tu. Mimi na Umi hatukutazamana. Nimeahidi sitataja hospitali na sijaitaja, lakini imekaa nami hapa mchangani kama mtu wa tano.

Haya yametokea sasa hivi, kabla sijafungua daftari. Mama amekaa juu ya dumu, lenzi kaiegemeza kwenye ukingo wa boti. Akaniita. Nikainama karibu naye. Siyo hapo, akasema, hapo ni ukungu. Nenda kule. Nikaenda hatua tatu. Nenda. Nikaenda tena. Bado. Lenzi ile haishiki kitu cha karibu, nilimweleza jana nilipompigia simu, nikadhani hakunisikia. Bado, baba. Hapo! Simama.

Nimesimama. Nilikuwa naona kioo kikubwa cheusi tu kimeelekezwa kwangu, na mikono yake. Maelfu ya watu nimewasimamisha hivyo, mabega chini, kidevu juu. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Ndevu zako zimekuwa nyeupe, akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Tangu lini?

Nikasema ni za juzijuzi tu, Mama. Akasema muongo. Akasema kwenye harusi ya Nusra zilikuwa nyeusi. Harusi ya binti yetu ni mwaka juzi, mwezi wa saba. Karibu miaka miwili! Miaka hiyo yote naingia pale uani, shikamoo Mama, marahaba baba, nakaa mbele yake nakunywa chai yake.

Akaendelea kunitazama, muda mrefu, anahama taratibu, paji, macho, shavu, kama anavyopitisha kidole kwenye ukili kutafuta palipolegea. Umefanana na baba yako, akasema mwisho, sikuwa najua.

Nimekuja kukaa hapa kuandika kwa sababu uso wangu haujakaa sawa.

Bado hajaiachia kamera. Umi alikuwa anaosha sahani kwenye dimbwi la maji mwambani. Sasa Mama anamwita. Anamwambia aache hizo sahani, asogee kule nilikokuwa, anataka kumwona na yeye.

Umi ananitazama. Anafuta mikono, anafunga ushungi upya, anaanza kurudi nyuma mchangani, hatua moja, nyingine. Mama kafumba jicho la pili. Bado, anasema. Bado, mwanangu. Bado.