Shangazi Yetu na Visahani Viwili vya Agari

Umetimia mwaka mmoja, Shangazi, tangu moyo wako uliposimama ukiwa umeketi kitandani, mgongo umenyooka, ukimsahihisha muuguzi namna ya kushika bomba la sindano. Daktari alisema hukuteseka. Sisi tuliobaki hatukuulizwa.

Ulitulea tangu mama yetu alipofariki, na hatukulala njaa hata siku moja. Tunalitaja hili mwanzoni kwa sababu ni la kweli, na kwa sababu wema mwingine tuliojaribu kuukumbuka ulihitaji maelezo marefu.

Kazi yako ilikuwa agari, unga mweupe unaotokana na mwani wa baharini. Uliuchemsha kwa maji na mchuzi wa nyama, ukaupitisha kwenye chungu cha mvuke ili kuua kila kilicho hai, kisha ukaumimina katika visahani vya kioo vyenye vifuniko. Ulipopoa uliganda, nao mji mzima ukaletwa kwako kwa ncha ya kijiti: koo, vidonda, majipu. Kilichoota juu ya agari ndani ya kabati la joto ndicho kilichomwelekeza daktari ni dawa ipi aandike. Watu wengi walipona kwa mikono yako. Wenzako walikuita Bi Kipimo, nawe ulidhani wanakusifu.

Uliupenda uimara wa kitu kile. Jelatini ya mifupa, ulituambia, huyeyuka ikiona joto la mwili, tena vijidudu huila. Agari haibabaishwi na joto hilo, na vijidudu vingi haviwezi kuitafuna. Ukalileta neno la maabara nyumbani. Ulipokwisha kuamua nani asome nini na nani akanyolewe, ulisema, "Imeganda," na mjadala ukaishia hapo. Baba yetu, mdogo wako, mtu mzima mwenye mvi, naye akiambiwa imeganda aliinuka akaenda kuzima redio.

Kila Jumapili ulitupikia agari ya maziwa kwa vipimo vya hospitali. Ilikatwa kwa kisu, na kipande kikianguka kilidunda.

"Shangazi, hii inatafunwa au inamezwa?" aliuliza kitindamimba wetu.

"Inaheshimiwa," ulijibu, ukamwongezea kipande.

Kisha kaka yetu mkubwa akamleta mchumba wake, mpishi wa hoteli, msichana mwenye maneno. Alichomeka kijiko kwenye agari yako, kijiko kikasimama wima.

"Shangazi, usinichukie, lakini agari umeizidisha. Punguza nusu, utaona itakavyotetemeka."

Mtu mmoja alicheka. Alikuwa Baba, naye akajifanya anakohoa.

"Wewe umesomea wapi?" ulimuuliza.

"Jikoni, Shangazi."

"Inaonekana."

"Na hiyo agari nayo si ilianzia jikoni ndipo ikaajiriwa maabara?"

Alisema kweli, na ulijua kwamba amesema kweli. Hukumsamehe kwa yote mawili.

Aliporudi kutusalimu ulimpokea kwa tabasamu ambalo tulipaswa kuliogopa. Ulikuwa na visahani viwili. "Ni mchezo tu, mwanangu. Bonyeza vidole hapa." Akabonyeza vinne, maana cha tano kilikuwa kimefungwa plasta, kisu kilikuwa kimemkata kazini. Katika kisahani cha pili ulibonyeza wewe vidole vyote vitano, ukiwa umetoka kupalilia maua yako ya makopo na hujanawa. Ulitufundisha tungali wadogo kwamba alama huandikwa chini ya kisahani chenyewe, kamwe si juu ya kifuniko, kwa kuwa vifuniko huhama. Siku ile uliandika juu ya vifuniko, "Mimi" na "Mgeni", ili maandishi yasomeke vizuri mbele za watu.

Visahani vikalala siku kadhaa kwenye kabati lako la joto, nao watu wakaja. Wazazi wa mpishi walifika kupanga tarehe ya harusi, nawe ukangoja hadi chai imiminwe, ndipo ukaviweka visahani mezani. Kilichofunikwa "Mimi" kilikuwa na vitone vichache tu. Kilichofunikwa "Mgeni" kilikuwa kimeota madoa ya manjano na ya rangi ya machungwa, na moja la kijivu lenye manyoya.

"Mikono hii," ulisema, "ndiyo inayolisha watu hotelini. Sasa inataka kutulisha na sisi."

Baba wa mpishi, fundi wa pikipiki, alivitazama vidole vyake mwenyewe akavificha chini ya meza. Mama yake alivaa miwani akainama.

"Samahani, dada. Hapa naona mafungu matano ya uchafu. Mwanangu ametumia vidole vinne."

Msichana akainua mkono. Plasta ilikuwa bado ipo.

"La tano limeota lenyewe," ulisema. "Vijidudu hutambaa."

"Vikatambaa, vikajipanga mahali hasa pa kidole?"

"Vinaweza."

"Basi hivyo vina adabu kuliko wengine wetu hapa."

Kaka akaingilia kwa sauti ya chini. "Shangazi, vifuniko vimebadilishana. Sema tu vimebadilishana, tunywe chai."

"Miaka yangu yote kazini sijakosea kisahani. Imeganda."

Mama wa mpishi akavua miwani, akaikunja. "Basi na langu sikieni. Harusi itakuwepo siku dada huyu atakaposema mbele yetu kwamba uchafu ule ni wake. Simtoi mwanangu aende kuitwa mchafu kwenye nyumba ya watu."

Kwa hiyo ndoa ya kaka ikabaki ikining'inia kwenye sentensi moja, na sentensi ilikuwa mdomoni mwako. Alikuomba jikoni. Alikuomba sebuleni mbele yetu. Alikufuata hadi mlangoni pa maabara, mtu mzima mwenye kazi yake, ameshika chupa ya chai uliyoisahau nyumbani.

"Shangazi, nakuomba neno moja tu."

"Ukitaka neno, kafungue kamusi," ulimwambia, ukaipokea chupa.

Agari iliyoganda ikirudishwa motoni hadi maji yachemke, huyeyuka tena, ikawa tayari kwa umbo jingine. Hilo hukutufundisha. Tulilisoma wenyewe, baadaye, tulipokuwa tukitafuta namna ya kukuelewa.

Ulipougua na koo lako kuanza kukataa chakula, muuguzi aliagiza upewe vitu laini vilivyogandishwa, visivyoyeyuka mdomoni vikakupalia. Mpishi alikupikia kwa agari na juisi ya matunda, akiwa kwao, kwa kuwa kwetu alikuwa hajaruhusiwa kuingia. Kaka alilibeba bakuli kila siku baada ya kazi, akakulisha kijiko kwa kijiko.

"Nani kapika?" uliuliza mara ya kwanza.

"Unamjua, Shangazi."

Ulimeza, ukafikiri. "Sukari imezidi."

Mabakuli yote uliyamaliza. Kila mara kaka alikaa na chombo kitupu mkononi akingoja uongeze kitu, nawe ulifumba macho, kwa kuwa ulikuwa umeshiba. Siku ya mwisho ulifungua mdomo, akasogeza sikio. Ulitaka dirisha lifungwe.

Mazishini Baba aliombwa aseme machache kwa niaba ya familia. Tulitarajia historia ya maisha yako, kwa kuwa alikuwa ameikariri. Alisimama kando ya kaburi, akatazama udongo, akasema: "Vifuniko vilibadilishana. Kisahani kile kilikuwa cha dada yangu." Ilimtosha pumzi moja. Kisha akaketi, akaomba maji ya kunywa. Mama wa mpishi, aliyekuja kwa heshima tu na kusimama nyuma kabisa, alipita katikati ya waombolezaji hadi alipo kaka, akampa pole, na papo hapo akamuuliza kama ukumbi unapatikana mwezi ujao.

Ukumbi ulipatikana. Picha za harusi hazina kiti chako kilichoachwa wazi, tulihitaji viti.

Unakumbukwa na mdogo wako, ambaye siku hizi husikiliza redio hadi taarifa ya mwisho, na watoto wa mdogo wako uliowalea, na wenzako wa maabara, wanaoandika chini ya visahani, na mkwe wako mpishi, aliyekupikia asitajwe, na mumewe, na binti yao mchanga, ambaye hakupewa jina lako.

Utakumbukwa daima, Shangazi, na kwa usahihi.