Salama, Ila

Mpendwa Bi. Twaiba, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinihurumie mapema, maana sijui kama nastahili.

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa nne, na darasani kwetu tuna kikundi tulichokiita Bega, cha kusikilizana sisi kwa sisi, kwa sababu masomo haya yamewahi kumlaza mtu kitandani wiki nzima bila homa, basi wachache wetu tulifunzwa siku mbili namna ya kusikiliza, tukapewa kijitabu cha kuandika kila asubuhi hali ya mwenzako, na mwenzangu mimi ni huyu nitakayemwita Kahaso, mtoto wa Kinango, ninayempenda kuliko ninavyojua kusema, Mkristo ambaye Ramadhani nzima hakula mbele yangu hata siku moja, na ambaye akicheka hukaa chini kwanza.

Sasa tuko Ukunda kwa mafunzo ya vitendo kwenye mradi wa maji, tumepanga chumba kimoja, na kila asubuhi namuuliza, "Umeamkaje?" naye hujibu, "Salama," nami natia alama ya vema, siku thelathini na nane, alama thelathini na nane, nikaona fahari kwa jinsi zilivyonyooka. Alhamisi iliyopita tulikuwa Kona ya Musa tunakula viazi karai, akatoa kikokotoo chake, kile alichokikwaruza kwa msumari neno USINIGUSE, ambacho hata mimi sikuruhusiwa kukiazima, akaniwekea mkononi.

"Kaa nacho."

"Na mtihani utafanyia nini, vidole?"

"Mimi sitakihitaji tena, injinia wangu."

Nikacheka, Bi. Twaiba. Tuliporudi chumbani ndipo nikamuuliza maana yake, akasema amechoka kuwako duniani, kwamba ameanguka somo moja mara mbili na kwao hawajui, kisha akaniapisha. "Ukimwambia mtu, nitajua hukuwa rafiki yangu. Ulikuwa karani wa Bega tu." Nikaapa.

Jumamosi mama yake alinipigia simu. "Mwanangu, mwenzio anaendeleaje? Sauti yake siielewi." Nikamjibu, "Salama, mama." Sharti la kwanza la kikundi chetu ni kwamba ya Bega hayatoki Bega. Nikisema, nitampoteza rafiki. Nikinyamaza, naogopa nitampoteza Kahaso mwenyewe. Nifanyeje?

Karani, Ukunda

*

Karani mwanangu, marahaba.

Barua yako haikungoja gazeti. Nilikupigia papo hapo nilipoisoma, na haya niliyokuambia nayachapisha kwa ruhusa yenu wawili, kwa kuwa kina Karani ni wengi.

Kiapo hicho kivunje. Ila usikivunje nyuma ya mgongo wake. Mwambie usoni: niliapa vibaya, siwezi kukitimiza. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, wala usiliogope neno. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunamwonyesha kuwa yuko mtu anayeweza kulisikia. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali leo, si Jumatatu, akaonwe na wanaotibu maradhi ya akili, na ukae naye mpaka aitwe jina. Kisha mpigie mama yake, uitengue ile salama uliyompa. Akikukasirikia, mwache akasirike. Kukasirika ni kazi ya walio hai.

Sasa nikugombeze. Wewe mtoto wa Msambweni, kama ulivyonieleza, nani alikufunza kwamba "salama" ni jibu? Kwetu hata anayetetemeka kwa homa akiulizwa hali husema sijambo, ndiyo adabu. Habari yenyewe huja baada ya "ila." Wewe ulikuwa ukisikia nusu ya kwanza, ukatia alama, ukafunga kitabu. Zile alama thelathini na nane ni za adabu ya Kahaso, si za afya yake. Hata wewe nilipokuuliza hali kwenye simu ulinijibu, "Sijambo, Bi. Twaiba," nikakuuliza, "Ila?" na ndipo ukalia. Umeona?

Kikundi chenu nakipenda, na nakupenda wewe uliyeogopa kwa ajili ya mwenzio. Lakini siku mbili za mafunzo zinakufanya mtu wa kukaa naye, hazikufanyi daktari. Waambie wenzako walirekebishe lile sharti: ya Bega hayatoki, isipokuwa ya uhai. Na wewe pia utafute wa kukusikiliza, maana unapenda kujihukumu kimyakimya.

Kijitabu kiweke kando. Asubuhi akikuambia salama, sema, "Ila?" kisha ungoje, hata chai ipoe. Kikokotoo usikitumie wala usimrudishie kwa nguvu. Kitunze mpaka akidai mwenyewe.

Jana uliniandikia kwamba ameanza matibabu, yuko kwa mama yake, na ulipokwenda kumtazama alikununia nusu saa nzima. Ukamuuliza ameamkaje.

"Salama, Karani," akasema. "Ila nimelala vibaya. Na kikokotoo changu nakitaka."

Mpelekee.