Mstari wa Jumanne

Ngokolo, Shinyanga
14 Agosti 1988

Dada yangu mpendwa Zuwena,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, na kwamba shemeji kifua kimeachia. Sisi huku hatujambo, Mungu anatutunza, ila vumbi la msimu huu limetubadilisha rangi.

Dada, ile kompyuta ya ofisi ya pamba sasa naiangalia mimi peke yangu, tangu mwenzangu Donatus ahamishiwe Bukoba. Ndiyo inayopanga lori gani liende kijiji gani siku gani, kwa kuwa dizeli ni ya mgao.

Mwezi wa sita niliisafisha programu. Nikakuta mstari unaokataza lori lolote kwenda kijiji kimoja mbele ya Segese siku ya Jumanne. Sababu haikuandikwa. Niliuliza ofisi nzima, hakuna aliyejua. Nikasema moyoni, mjinga gani huyu? Nikaufuta.

Jumanne iliyofuata dereva wetu, mzee Masele, akatumwa huko, na amri ya kompyuta dereva haipingi. Alirudi jioni na lori tupu. Alieleza kwamba Jumanne ni siku ya mnada wa ng'ombe, karani wa mizani hufunga ghala na kwenda mnadani. Mkuu wetu, Mama Apolonia, hakumwamini. Alisema kompyuta haikosei, na kwamba Masele amechoma dizeli ya serikali kubeba abiria wa mnada. Akamnyang'anya funguo. Siku tatu mzee wa watu alikaa kwenye benchi la karakana, kofia magotini, nami nikipita nikiangalia pembeni.

Sasa nikuungamie, Dada, maana tangu utoto hujanificha wala sijakuficha. Sikumwambia mtu kwamba mstari niliufuta mimi. Badala yake nilimpigia simu Donatus, nikitaka jina la aliyeandika mstari ule ili lawama nimtwishe yeye. Donatus alicheka mpaka akaishiwa sauti, nikadhani simu imekatika. Akasema, "Fikirini, uliuandika wewe! Mwaka juzi, siku uliyorudi kutoka huko viatu vimejaa mavi ya ng'ombe. Nikakwambia andika na sababu, ukanijibu, nani atasahau?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Apolonia, nikasema yote. Akaniamuru nimrudishie Masele funguo kwa mkono wangu, mbele ya madereva wote. Nikafanya hivyo na kumwomba radhi. Mzee akanitazama, akasema, "Bhebhe, wewe! Miaka ishirini naendesha njia hizi, ungeniuliza mimi." Kisha akacheka, na karakana nzima ikacheka.

Siku hizi kila asubuhi kabla ya safari anakaa kando yangu na chai yake. Namsomea mstari, ananieleza kwa nini, naandika kwenye daftari. Tumefika wa arobaini. Miwili hata yeye haijui. Hiyo hatuigusi mpaka tumpate anayeijua.

Nisalimie shemeji na watoto, na majirani wote wanaonikumbuka. Mwanangu Mwanne anakuletea salamu nyingi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fikirini